Elimu Iliyomfuata Mfanyakazi Kazini

Mwanafunzi anapoweka kalamu chini baada ya mtihani wake wa mwisho, aghalabu hudhani kwamba kusoma kumekwisha na kilichobaki ni kazi tu. Dhana hiyo ina kasoro, na kasoro yake huonekana upesi zaidi katika kazi zile zinazogusa uhai wa watu. Muuguzi aliyehitimu mwaka 1980 hakufundishwa neno hata moja juu ya ukimwi, maana ugonjwa huo ulikuwa haujajulikana; taarifa za kwanza za madaktari juu yake zilichapishwa Marekani mwaka 1981. Muuguzi huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alifunzwa vema yale yaliyokuwapo, kisha dunia ikageuka naye yumo wodini. Je, maarifa mapya atayapata wapi? Na nani atakayewatazama wagonjwa wake wakati yeye anapoyatafuta?

Swali hilo la pili ndilo gumu zaidi, na ndilo nitakalolifuata katika habari hii.

Tangu zamani wenye kazi za kitaalamu walikuwa na njia ya kukutana. Mwaka 1822 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, jina lake Lorenz Oken, aliwaita wachunguzi wa maumbile na madaktari wa nchi yake wakutane katika mji wa Leipzig. Waingereza wakaiga mfano huo mwaka 1831 katika mji wa York. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakiandikiana barua, na barua husubiri; wala mtu hawezi kubishana na karatasi kama abishanavyo na mwenzake anayemtazama machoni. Reli na meli za mvuke zilipoenea, mikutano nayo ikaenea, ikavuka mipaka ya nchi. Wanahisabati wa mataifa mbalimbali walikutana mara ya kwanza Zürich mwaka 1897, na tangu hapo karibu kila kazi yenye chuo chake ikawa na mkutano wake.

Afrika ya Mashariki nayo ikapata ukumbi. Mwaka 1973 jengo la mikutano la Kenyatta lilifunguliwa Nairobi, baada ya ujenzi ulioanza mwaka 1967, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo wakubwa wa fedha wa dunia, yaani wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wakafanya hapo mkutano wao wa kwanza katika bara la Afrika. Mwaka 1985 ukafuata mkutano mkuu wa wanawake wa Umoja wa Mataifa. Ninyi mliopata kupanda juu ya jengo hilo na kuutazama mji wote ukitandazwa chini mwajua kwa nini Wakenya walilionea fahari. Lakini ukumbi, ujapokuwa mkubwa namna gani, una mlango. Na mlangoni mtu huulizwa mambo mawili: umetumwa na nani, na nauli yako amelipa nani? Daktari mkuu wa hospitali ya mji alikuwa na majibu. Muuguzi wa zahanati ya Lodwar hakuwa nayo. Zaidi ya hayo, daktari mkuu akiondoka kwa juma moja wapo wengine wa kushika nafasi yake. Muuguzi yule akiondoka, zahanati yafungwa.

Kwa watu wa namna hiyo njia iliyofaa ni ile ya kupelekewa masomo waliko. Njia hiyo ni ya zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1840 serikali ya Uingereza iliweka ada moja ya barua kwa nchi nzima, peni moja tu, na mwaka huo huo Isaac Pitman, mwalimu wa hatimkato aliyekaa katika mji wa Bath, akaanza kuwafundisha watu kwa posta. Aliwapelekea kazi, wao wakaiandika kwa hatimkato na kumrudishia, naye akaisahihisha na kuirudisha tena. Ona jambo lilivyokuwa dogo: si uvumbuzi wa mashine uliozaa shule hiyo, bali ni bei ya stempu. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikaruhusu mitihani yake ifanywe na watu waliosomea popote pale. Kwa mlango huo wakapita maelfu ya watu wa makoloni waliokuwa hawana chuo kikuu nchini mwao. Nelson Mandela alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1943 kwa kusoma kwa posta na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, na alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha Robben aliendelea na masomo ya sheria ya Chuo Kikuu cha London. Waliweza kumzuia yeye, barua ikapita.

Hapa kwetu mambo hayo yalianzishwa rasmi na hitaji la walimu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 shule zilifunguliwa kwa wingi mno kuliko walimu waliokwisha kufunzwa, na wengi wa waliosimama mbele ya watoto walikuwa na elimu ndogo. Kuwarudisha wote vyuoni kungeliacha madarasa matupu. Basi mwaka 1967, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi cha wakati ule, kikaanzishwa huko Kikuyu kitengo cha masomo ya posta. Mwalimu alipelekewa vitabu vya mazoezi, akafanya kazi yake jioni kwa taa, akairudisha kwa posta; na saa zilizopangwa akafungua redio asikilize somo lile lile likielezwa kwa sauti ya mwalimu mwingine. Sisi tunaofundisha katika vyuo vya ualimu leo tuna deni kwa wazee hao, maana waliosomesha baba na mama zetu walikuwa ni wao, na wengi walisoma usiku kile walichokifundisha mchana.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na upungufu wake. Swali lililoulizwa Januari huenda likajibiwa Machi, wakati mwulizaji amekwisha kulisahau. Redio nayo husema lakini haisikii. Na mwanafunzi wa posta huwa peke yake. Akishindwa, hana mwenzake wa kumwambia kwamba naye ameshindwa. Wengi walianza, wachache wakamaliza.

Sasa natuje katika habari ya wauguzi wa Kenya, ambayo naona inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Mwanzoni mwa karne hii sehemu kubwa ya wauguzi wa nchi hii walikuwa na cheti cha daraja la chini. Walikuwa zaidi ya 20,000. Ukimwi ulikuwa umejaza wodi, dawa mpya zilikuwa zinaingia, na kazi walizopewa zilikuwa zimepita mafunzo yao. Ikaonekana lazima wapandishwe hadi daraja la stashahada. Lakini hesabu ilipofanywa ikatisha: kwa nafasi zilizokuwapo katika madarasa ya vyuo, kuwafunza wote kungechukua zaidi ya miaka mia moja. Yaani muuguzi wa mwisho katika foleni angekuwa amekwisha kufa kabla ya zamu yake kufika.

Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi la Kenya pamoja na Amref, shirika lile lililoanza mwaka 1957 kwa jina la Madaktari Warukao, na wenzao wengine, wakaanzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta. Vyumba vyenye kompyuta viliwekwa katika vyuo vya uuguzi na katika hospitali, hata za mbali. Muuguzi alibaki kazini mwake, akapokea mshahara wake, akalala nyumbani kwake. Zamu ilipokwisha aliingia katika chumba kile akasoma. Mazoezi ya mikono aliyafanya hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake, maana hakuna kompyuta inayoweza kumfunza mtu kumzalisha mama. Wengi wao walikuwa hawajapata kugusa kompyuta maishani, ikawabidi waanze na jinsi ya kuiwasha. Nawaomba mlifikirie jambo hilo kidogo: mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mkunga hodari aliyepokea watoto wasiohesabika, anakaa mbele ya mashine na kuuliza kidole kiwekwe wapi. Kiburi cha umri hakikumzuia. Maelfu wakajiandikisha, na maelfu wakahitimu bila zahanati zao kufungwa.

Wakati huo huo, upande wa pili wa dunia, daktari mmoja alikuwa akishughulika na swali lile lile kwa namna nyingine. New Mexico ni jimbo la Marekani lenye majangwa mapana na watu waliotawanyika. Sanjeev Arora, mtaalamu wa magonjwa ya ini katika mji wa Albuquerque, alikuwa na wagonjwa waliongoja hadi miezi minane kabla ya kumwona, kisha wakasafiri mamia ya maili. Mwaka 2003 alianza kukutana kila juma, kwa skrini, na madaktari na wauguzi wa vijijini na wa magereza. Kila mmoja alieleza habari za mgonjwa wake, wengine wote wakasikiliza, mtaalamu akashauri, na wiki iliyofuata wakaendelea. Hakumtibu mgonjwa yeye mwenyewe. Alimfunza daktari aliye karibu naye. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa, ya wagonjwa 407 wenye homa ya ini aina ya C. Waliotibiwa katika hospitali kuu ya mjini walipona 57.5 kwa mia. Waliotibiwa na madaktari wa vijijini na magereza waliofunzwa kwa skrini walipona 58.2 kwa mia. Kwa lugha nyepesi, hapakuwa na tofauti. Sijui hoja nyingine iliyo wazi kuliko hiyo kwa wale wasemao kwamba elimu ya mbali ni elimu ya kukisiwa. Mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, na Kenya ni mojawapo.

Lakini skrini ya Albuquerque ilikuwa na waya nyuma yake, na sisi tulikuwa bado hatuna. Hadi mwaka 2009 pwani yote ya Afrika ya Mashariki ilitegemea setilaiti, ambayo gharama yake ilikuwa kubwa na mwendo wake wa kinyonga. Mwaka huo nyaya mbili za mawasiliano zilizotandazwa chini ya bahari zilifika Mombasa. Moja wapo ilitoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Wazee wa Mvita wanaijua njia hiyo vizuri, kwa kuwa kutoka pande hizo za Ghuba ndiko majahazi yalikokuja na pepo za kaskazi yakileta tende na mazulia, yakarudi na kusi yakipeleka boriti za mikoko. Majahazi yalichukua majuma; sauti ya mwalimu yachukua sehemu ndogo ya sekunde. Waya nao una hatari zake kama jahazi: mwezi wa Mei mwaka 2024 nyaya mbili zilikatika baharini, na kwa siku kadhaa mtandao ukalegea kutoka Kenya hadi Msumbiji.

Tukaingia mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga shule, na kabla ya mwezi kwisha ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimamishwa. Mikutano yote ya dunia ikawa haina pa kukutania. Nitachukua mmoja tu, kwa sababu ulikuwa uje kwa majirani zetu.

Kuna mkutano wa kila mwaka wa watafiti wa akili bandia, yaani wa elimu ya kuzifanya kompyuta zijifunze zenyewe. Haukuwa umefanyika Afrika hata mara moja. Mwaka 2018 mkutano mwingine wa elimu hiyo hiyo ulifanywa Montréal, na watafiti wengi wa Afrika waliotakiwa kuhudhuria walinyimwa viza za Kanada, au wakapata jibu wakati mkutano umekwisha. Walikuwa wameandika kazi zao, kazi zikasomwa na kukubaliwa, wakakwama mbele ya dirisha la karani. Manung'uniko yakawa makubwa, na ikaamuliwa kwamba ule mkutano wa kwanza niliouta utafanywa Addis Ababa mwezi wa Aprili mwaka 2020. Kwa vijana wa Ethiopia na wa nchi za jirani hilo lilikuwa jambo la ajabu: wakubwa wa elimu hiyo wangewafuata wao kwa mara ya kwanza.

Hawakuja. Gonjwa lilipoenea waandalizi waliuhamisha mkutano wote mtandaoni. Kila mtafiti alitakiwa kurekodi maelezo mafupi ya kazi yake, kisha kuwapo saa zilizotajwa kujibu maswali, na saa hizo zikapangwa mara mbili ili asiyeweza kwa sababu ya usiku wa kwao aweze mara ya pili. Mwaka uliotangulia walihudhuria watu wapatao 2,700. Safari hii walikuwa zaidi ya 5,600, kutoka nchi zinazokaribia 90. Hakuna aliyeulizwa viza. Ukiutazama mkutano huo kwa idadi, Afrika ilipata mlango mpana kuliko wote. Ukiutazama kwa jicho la kijana wa Addis Ababa, alipoteza kitu ambacho hakina idadi: kuwaona watu hao wakitembea katika barabara za mji wake, na mmoja wao kumwuliza jina lake.

Mwaka 2022 mkutano wa wanahisabati, ule ule ulioanza Zürich, nao ukahamia mtandaoni. Mara hii si kwa sababu ya ugonjwa bali kwa vita, kwani ulikuwa umepangiwa St Petersburg na Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine.

Basi je, kumbi zimekufa? Sidhani, na sababu yangu si kupenda ya kale. Mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa walimu ajua kwamba nusu ya faida yake hupatikana wakati wa chai. Hapo ndipo mwalimu mgeni anapomsogelea mwalimu mzee na kumwuliza, "Mwalimu, hili somo la sehemu za desimali wewe hulifundishaje?" na mzee akachukua kijiti akachora mchangani. Katika skrini hakuna chai. Spika husema, wengine hunyamaza, na mwenye haya hubaki na haya yake hadi kikao kifungwe. Wale walio na jina hujulikana zaidi, na asiye na jina huondoka kama alivyoingia.

Liko jambo jingine zito kuliko hilo, nalo husemwa kwa nadra. Zamani mfanyakazi aliyetumwa mkutanoni alipewa ruhusa, nauli na mahali pa kulala. Mwajiri alikubali, kwa kutenda hivyo, kwamba kujifunza ni sehemu ya kazi. Siku hizi aweza kuambiwa, "Mkutano uko katika simu yako," na maneno yakaishia hapo. Bando atanunua yeye. Saa atazitoa yeye, katika zile alizowekewa watoto wake na usingizi wake. Au atasikiliza wodini kwa sikio moja, la pili likiwa kwa mgonjwa, na yote mawili yasipate haki yake. Nimehudhuria mafunzo ya namna hiyo ambamo mwenzangu mmoja alikuwa akisahihisha madaftari, na mwingine, kwa sauti niliyoisikia, alikuwa sokoni. Siwalaumu. Kilomita zilizopungua zimelipwa kwa saa, na saa hizo zimetoka mfukoni mwa mfanyakazi. Tena wauguzi na madaktari wa Kenya hutakiwa kuonyesha kwamba wameendelea kujifunza ndipo leseni zao zifanywe upya. Kwa hiyo hawawezi kusema kwamba hawataki.

Hapo ndipo mtu hurudi kuwatazama tena wale wa New Mexico. Skrini walikuwa nayo, lakini walikuwa na kitu kingine vilevile: saa ile ile kila juma, iliyojulikana mapema, ambayo daktari wa kijiji aliiweka katika ratiba ya zahanati yake kama aiwekavyo saa ya kuwaona wagonjwa. Haikuwa saa ya kuibia. Wauguzi wetu wa mwaka 2005 nao walikuwa na chumba chenye mlango, pahali pa kuketi na wenzao wanaosoma kitu kimoja, wakicheka makosa yao pamoja. Chumba hicho kilikuwa na kompyuta za polepole kuliko simu aliyo nayo kijana yeyote leo. Wakahitimu.

Watafiti wale wa akili bandia hatimaye walikuja Afrika. Kuanzia Mei 1 hadi Mei 5 mwaka 2023 walikutana Kigali, nchini Rwanda, ndani ya ukumbi, ana kwa ana, na wasioweza kusafiri wakaunganishwa kwa mtandao. Wanafunzi waliotoka Kampala na Nairobi waliweza kufika kwa basi.